Ramani Iliyochorwa Maji Mafu

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani. Nilikuwa nimetoka Kikole, binti wa wakulima wa korosho, nimevaa gauni la Idi na viatu vya kuazima, na kazi yenyewe ilikuwa ya kuuliza watu maswali. Nikajiambia, kuuliza nako ni kazi ya kulipwa mshahara? Bosi wangu alikuwa mtafiti kiongozi wa mradi wa mipango ya utalii, na sote tulimwita Daktari. Alinikabidhi dodoso, yaani maswali yaliyopangwa ili kila mtu aulizwe yaleyale, kisha akaketi mbele yangu akajifanya mvuvi. Nikaanza bila kupoteza muda: jina lako nani, umri wako je. Akainuka akafungua mlango.

"Mvuvi wa watu hujamsalimia," alisema, "hujamuuliza hata walivyoamka kwake, tayari unataka umri wake. Nenda nyumbani, Salima. Kesho uje unisalimie."

Nilitoka ofisini pale Masoko nimevimba kwa hasira. Kesho yake nikamsalimia mpaka akome: shikamoo, habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za magoti. Alicheka, akaniambia nivute kiti. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye utafiti, na sikutoka mpaka nilipostaafu.

Nyinyi vijana mnaotuma maswali kwa simu mkasubiri majibu mkiwa mmelala kitandani, hebu nisikilizeni. Utafiti wa kupanga utalii wakati wetu ulifanywa kwa miguu. Ulianza na sampuli. Huwezi kuuliza wilaya nzima, kwa hiyo unachagua nyumba chache zisimame badala ya nyingine. Daktari alitueleza kwa mchuzi: ukitaka kujua chumvi huli chungu kizima, unaonja kijiko kimoja, lakini sharti kwanza uukoroge. Maneno hayo mtayakumbuka mbele. Baada ya sampuli na dodoso ilikuja ramani ya matumizi, inayoonyesha hapa watu wanalima, hapa wanavua, hapa kuna magofu, hapa hapana kitu. Mwisho kabisa ulikuja mrejesho, yaani kuwarudishia watu matokeo yao wayaone kabla hayajakwenda kwa wakubwa. Wengi waliruka hatua hiyo kwa sababu inachosha na haimpi mtu cheo. Daktari hakuiruka hata mara moja.

Kituo changu cha kwanza nje ya ofisi kilikuwa Pande. Huko watu waliposikia Daktari amekuja, walileta wagonjwa. Mzee mmoja akamnyooshea mguu uliovimba, jamani, mbele ya watu wote. Mtu mwingine angecheka. Yeye aliinama akautazama, akamwambia baba, mimi ni daktari wa karatasi, lakini mguu huu hauwezi kungoja, kisha akamtoa dereva wetu ampeleke hospitali. Siku ile hatukupata hata jibu moja. Tuliporudi wiki iliyofuata, hakuna mlango uliofungwa Pande.

Kutoka hapo tukahamia Songo Mnara, na huko ndiko yalikotukuta. Mpango wenyewe ulikuwa wa kugawa kisiwa katika kanda: magofu na mapito yake, makazi ya watu, na ukanda wa mahoteli. Ukanda wa hoteli ukishapitishwa, mwekezaji anaweka uzio, na pwani iliyo mbele yake haikanyagwi tena ovyo. Kwa hiyo ilitubidi tujue pwani ipi inatumika na ipi iko tupu. Safari zetu zote alitupangia mwenyekiti wa kijiji, mtu muungwana kupita kiasi. Alikuwa akipiga simu mwenyewe: njooni Jumanne, njooni Alhamisi, bahari itakuwa nzuri. Kweli, boti ilikuwa ikituteremsha karibu kabisa na nchi kavu, saa yoyote. Tulizunguka pwani tukahesabu watumiaji. Upande mmoja wenye mchanga mweupe na mwamba mpana tulikuta kunguru na ukimya. Kwenye ramani tukaupaka rangi ya njano, maana yake hapatumiki, panafaa kwa hoteli.

Siku ya mrejesho tuliitundika ramani ukutani shuleni. Ilikuwa nzuri, sikufichi. Daktari aliieleza rangi moja moja kwa Kiswahili chepesi, akauliza kama kuna kosa. Wanaume wakasema ahsante sana, kazi imefanyika. Wanawake waliokaa nyuma walitazama mikeka yao. Mwenyekiti akafunga kwa dua, kura ikapigwa kwa mikono, na mikono yote ikapanda juu.

Kisha tukakaribishwa chakula kwa Bi Mwanahawa, mama mtu mzima ambaye wanawake wenzake walimsikiliza kuliko walivyomsikiliza mwenyekiti. Wali wa nazi, na mchuzi wa pweza. Alipokuwa akitunawisha mikono aliomba radhi, kama wafanyavyo wenyeji hata chakula kikiwa kinanukia mpaka mtaa wa pili.

"Mtuwie radhi, wageni wetu, pweza ni mkavu, wa kuanikwa. Maji yamekufa siku hizi, hatujashuka mwambani."

Mimi mtoto wa bara sikusikia lolote hapo zaidi ya adabu. Daktari alikuwa amekwisha mega tonge. Alilirudisha kwenye sinia, akauliza taratibu:

"Mnashuka mwamba upi, Mama?"

Bi Mwanahawa alimtazama mwenyekiti kwanza, kisha akayatazama maji kwenye birika. "Pale pale penye rangi ya njano, mwanangu."

Daktari akamuuliza mbona hakusema mkutanoni. Akajibu bila kupandisha sauti: "Mmekuja kwetu na kitu kizuri, mmekichora kwa taabu yenu. Mgeni hakosolewi mbele za watu."

Ndipo mwenyekiti naye akasema yake, na yalimtoka kwa shida. Kuna siku za bamvua, bahari inapokupwa ikaenda mbali na mwamba ukabaki wazi. Hizo ndizo siku wanawake wanashuka kuchokoa pweza. Na kuna siku za maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Hizo hakuna anayeshuka. Siku za bamvua boti haifiki karibu, lazima mtu akanyage tope la mikoko. Sasa yeye angewapitishaje wasomi topeni? Kila safari alituchagulia maji mafu, kwa heshima yetu. Hakuna aliyedanganya. Tulikuwa tumeonja mchuzi usiokorogwa, na aliyezuia mwiko ni ukarimu wa mwenyeji wetu. Daktari alimshika mkono akamwambia hana kosa lolote. Kisha akalichukua tonge lake, akala mpaka sinia likawa jeupe, maana kukiacha chakula kile kungekuwa tusi la pili.

Alipotoka nje alimpigia Mratibu wa Mradi, bosi wake aliyekuwa Dar es Salaam. Mratibu alikuwa mtu wa tarehe. Nilimsikia kutoka pale nilipokaa, maana simu ilikuwa ya kupaza sauti: mfadhili anasubiri ripoti, ramani imekamilika, wananchi wamenyoosha mikono, unataka nini tena? Ukichelewa, awamu ya pili wanapewa wengine, na uprofesa wako usahau.

"Mikono wameninyooshea mimi mgeni wao," Daktari alisema. "Pwani hawajanipa. Nitarudi bamvua."

Tulirudi bamvua. Mwenyekiti alikuja kutupokea uso umemshuka kwa aibu. Tope lilitufika magotini, nikalaani siku niliyoacha korosho za baba yangu. Daktari alipoteza kiatu kimoja. Akavua na cha pili akakirusha kwenye boti, akaendelea pekupeku. Tulipotokea upande ule wa rangi ya njano, sikuamini macho yangu. Mwamba wote, mpaka macho yanapoishia, ulikuwa na wanawake. Wameinama, kanga zimefungwa viunoni, vijiti mkononi, wanaitana, wanataniana. Wengine walikuwa na watoto mgongoni. Bi Mwanahawa alikuwa mbele kabisa, kakunja gauni, hamjui mwenyekiti wala mgeni.

Nilitoa kalamu nianze kuhesabu, Daktari akaushusha mkono wangu. "Salima," alisema, "hawa wote tulikuwa tumeshawafuta." Macho yake yalikuwa mekundu, na sikuwahi kumwona hivyo kabla wala baada.

Ramani ilichorwa upya palepale mwambani. Wanawake walitutembeza wakatutajia kila sehemu na jina lake na wanaoichokoa, na Bi Mwanahawa safari hii alitukosoa mpaka tukatoka jasho. Alikuwa na neno lake: usiache mbachao kwa msala upitao. Hoteli hawakuikataa, walitaka tu isikalie mwamba. Ukanda ukasogezwa upande wenye mchanga usio na mwamba, na mpango ukapita hivyo. Ripoti ilichelewa. Awamu ya pili walipewa wengine, kama Mratibu alivyoapa, na uprofesa haukuja. Nilifanya kazi chini ya wakubwa wengi baadaye, wakiwemo wakuu wa idara wenye majina marefu mlangoni. Walikuwa wema, sitawasema vibaya. Lakini kwa kila mmoja nilijiuliza kama angekitupa kiatu kile cha pili, na sikuwa na hakika.

Sasa nimestaafu, niko Kikole na mikorosho yangu. Wanafunzi wa chuo wananijia, shikamoo bibi, wananionyesha picha za pwani zilizopigwa kutoka angani. Nasifu, maana ni nzuri na zingetuokolea miguu. Kisha nawauliza siku ya kupiga picha alichagua nani. Asiyejua namwambia anywe uji aende akaulize.

Daktari alifariki mwaka juzi. Baada ya arobaini yake nilitaka kwenda Songo Mnara niwape habari mwenyewe. Mwenyekiti wa sasa, kijana wa yule wa zamani, alinipigia simu: bibi, kwa miguu yako subiri kidogo, nitakuchagulia siku nzuri. Damu haipotei. Nikamwambia ahsante mwanangu, nitakuja bamvua. Walinishika mikono huku na huku nikakanyaga tope lile lile.

Bi Mwanahawa hashuki tena, macho yamemwisha. Alinitambua kwa sauti. Nilipompa habari akasoma Fatiha, nami nikaitikia amina. Wajukuu zake walirudi kutoka mwambani na ndoo zao, nguo zinachuruzika. Kilipoiva chakula alipapasa sinia, akanisogezea nyama ya pweza mbele yangu.

"Kula, mwanangu," alisema. "Na tonge la Daktari ulimalize. Leo si mkavu."