Kreti ya Bia kwa Yaya Odette

Hapa Durban, ukimwambia Mkongo mwenzako kwamba ulienda Ulaya na mkeo kutembea tu, kuangalia majengo, kisha mkarudi wote wawili, atakutazama usoni aone kama umekunywa. Kwenye karakana ya malori ninapotengeneza breki, kule Clairwood, wenzangu mpaka leo wananiita Mzungu Aliyerudi. Waniite wanavyotaka. Mimi nilirudi na mke wangu, na kila asubuhi nikimsikia anapanga vikombe jikoni nasema asante Mungu kabla sijafungua macho. Wao hawajui kwamba ilibaki kidogo tu nirudi peke yangu.

Marcelline mnamjua, hata kama jina lake hamlijui. Ni yule mama mwembamba anayesuka nywele kwenye kijia cha maduka karibu na West Street, anayechanganya meshi nyekundu na nyeusi bila kuangalia vidole vyake. Tulitoka Bukavu mwaka wa tisini na tatu, basi kwa basi, lori kwa lori, tukapanga chumba cha nyuma kwa mama mmoja Mhindi huko Sydenham. Pale mjini ameitwa kwerekwere, tusi lao kwa sisi wageni. Siku moja walimmwagia maji machafu juu ya vitu vyake vyote. Alivikusanya, akavifua, na kesho yake akaenda kuketi palepale. Ningekuwa mimi ningepigana, na ningekuwa jela sasa hivi.

Ana jambo moja lakini: hasemi anachotaka. Umwulize wali ao ugali, atakwambia chochote. Mimi ni mtu wa mdomo na wa hasira za karibu, basi nikazoea kuamua kwa ajili yetu wote wawili, nikadhani hiyo ndiyo amani ya nyumba. Watoto Mungu hakutupa. Tulilia wakati wa kulia, tukanyamaza, tukabaki sisi wawili.

Sasa nikwambie Odette ni nani. Ni dada mkubwa wa Marcelline, ambaye sisi tunamwita yaya. Mama yao alipokufa, Marcelline alikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa wa Odette. Odette alimlisha, akamsomesha, na mimi nilipotaka kuoa ni Odette aliyepokea mahari. Kwangu huyo si shemeji, ni mama mkwe kabisa. Baadaye alihamia Brussels, akaolewa, akafiwa, akabaki anafua mashuka ya hospitali. Mwaka wa tisini na tisa alitupigia simu kwamba ametulipia tiketi pamoja na safari ya basi la watalii: Paris, Cologne, Amsterdam, kisha Brussels tena. Ni zawadi ya miaka ishirini ya ndoa, alisema. Tufike tutembee, tuone dunia. Tulipopata viza nilimkumbatia mpaka yule Mhindi wa watu aliyetupangisha, na haki ya Mungu sijawahi kumkumbatia tangu hapo.

Kanisani walituaga kama tunakwenda kuzikwa. Kwaya iliimba, kina mama wakalia, mmoja akamwuliza Marcelline atamwachia nani wateja wake. Nilisimama nikawaambia kwamba sisi tunarudi, wiki tatu tu, jamani. Walicheka, wakanipigapiga mgongo. Kwa watu wetu, mtu anayeenda Ulaya harudi. Anayerudi amefukuzwa.

Tulifika Brussels mchana. Odette alitupokea kwa sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, na samaki, akamshika Marcelline uso kwa mikono miwili, akalia. Hata mimi macho yalinijaa. Jioni nilikuwa sebuleni navua viatu, wao wawili wakiosha vyombo jikoni, mlango umebaki wazi kidogo. Nikasikia sauti ya Odette, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Achille atarudi kwa kazi yake. Wewe utabakia hapa kwangu. Nazeeka peke yangu, Marcelline. Avoka wa makaratasi yako nimekwisha kumwona, anajua sheria. Tukipata njia, tutamwita na yeye."

Nilisubiri kusikia mke wangu atajibu nini. Nilisikia maji ya bomba tu.

Basi, hiyo ndiyo Ulaya yangu. Wengine wataeleza mnara wa Paris una urefu gani. Mimi sijui, maana nilikuwa namtazama Marcelline akiutazama mnara. Alikuwa amekunja shingo nyuma, mdomo wazi, kitambaa chake cha kichwa kinataka kuanguka, na mimi najiuliza: huyu ananiaga ao anafurahi? Yule dada aliyetuongoza, mwenye mwavuli wa manjano juu kama bendera, alituambia tupige picha. Katika picha hiyo mimi nimenuna kama nimeumwa jino.

Cologne tuliingia kwenye kanisa kubwa mno, jeusi nje, ndani taa za rangi zinashuka kutoka kwenye vioo. Bukavu kulikuwa na vita tena, simu za nyumbani zilikuwa hazipiti. Marcelline aliwasha mshumaa akapiga magoti. Alikaa pale mpaka watu wa basi wakaanza kutoka. Najua alikuwa anawaombea watu wetu, lakini moyo ukishaingiwa na mdudu, kila kitu unakiona vibaya. Nilisema moyoni, anamwomba Mungu ruhusa ya kuniacha. Nilipomgusa bega aliinuka, akanishika mkono, tukatoka. Sikumwuliza kitu. Nililalamikia mkate wao, kwamba mgumu.

Amsterdam ndiko alikocheka. Tulikuwa kwenye mashua ya watalii, tunapita chini ya madaraja, na mzee mmoja juu ya baiskeli akampungia mkono. Marcelline naye akapunga, akacheka kwa sauti, kitu ambacho Durban nilikuwa sijakisikia siku nyingi. Kisha akasema, kama anaongea na maji, "Hapa unatembea, hakuna mtu anakuangalia mkoba."

Eish. Neno lile lilinichoma. Ningeweza kumpa nini mimi? Chumba cha nyuma, na kiti chake pale kijiani ambapo kila siku lazima aangalie nani anakuja. Yaya wake alikuwa anampa usalama, na damu yake mwenyewe, na mtu wa kuzeeka naye. Nilikuwa namshukuru Odette kwa zawadi na kumchukia kwa zawadi ileile. Nikanyamaza mpaka Brussels. Mimi, mtu wa mdomo.

Tulipofika kwa Odette ilibaki siku moja tu tuondoke. Niliingia chumbani, nikakuta sanduku langu mlangoni. Sanduku la Marcelline limefunguliwa, na nguo zake zote zimetundikwa kabatini, vizuri, kwa mpangilio. Aliyezitundika ni Odette, najua, ndiye anayetundika hivyo. Marcelline alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani. Aliniangalia. Alikuwa anangoja kitu. Na mimi, mpumbavu mkubwa, nilichukua koti langu nikatoka nikapiga mlango.

Nilitembea mpaka mtaa wetu wa Matonge, ambako Wakongo wamejaa. Niliingia kwa kinyozi mmoja kwa sababu kulikuwa na Kiswahili na joto. Mwenye saluni alikuwa Mrundi, jina lake Méthode, mtu wa utani. Aliniuliza nanyolewa vipi. Nikamwambia sinyolewi, mke wangu amerudi kwao. Nilipomaliza kumweleza habari yote, sauti yangu imepanda mpaka mteja kwenye kiti ameacha kusoma gazeti, Méthode alizima mashine yake.

Akaniuliza niliingia kwa mkwe wangu na nini mkononi. Na nini? Nilikuwa mgeni, nimelipiwa tiketi! Akauliza tena. Nikafikiri. Nilikuwa nimekula sombe yake, nimelala kwenye mashuka yake, na sikupeleka hata sabuni.

Hapo ndipo akili ilinirudia, ikaja pamoja na hasira, ambayo safari hii ilinisaidia. Kwetu, mwanamke akirudi kwao, mume hamvuti mkono. Wala hakai pembeni kununa. Anakwenda na wajumbe, na vinywaji, na nyama, anaketi chini anaomba. Kama Odette anamweka nyumbani kwake, basi Odette ndiye wa kuombwa, na aombwe kama watu wanavyoombwa. Nilimwambia Méthode nahitaji wajumbe. Hakufikiri hata kidogo. Alivua aproni. Yule mteja naye akasimama, kichwa upande mmoja kimenyolewa na upande mwingine bado, akasema yeye ni mtu wa Walungu, kule kwetu karibu na Bukavu, hakosi shughuli ya namna hii.

Tulinunua kreti ya bia na mguu wa mbuzi. Tulipanda tramu, watu watatu, kreti katikati, mguu wa mbuzi kwenye gazeti, kwato imetokeza. Wabelgiji walituachia nafasi ya kutosha.

Odette alifungua mlango, akaangalia kreti, akaangalia kichwa cha mtu wa Walungu, akaniangalia mimi. Alielewa kabla hatujasema neno. Angeweza kutufungia. Lakini wajumbe hawafungiwi mlango, hata Brussels, na Odette ni mtoto wa watu. Alikwenda ndani, akarudi amevaa kitenge chake kizuri, akaketi kwenye kiti kikubwa. Marcelline akaketi nyuma yake, macho chini, kama msichana.

Mwoaji haongei, ndiyo desturi. Méthode, ambaye siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniona maishani, alinisifu mpaka nikaona haya. Alisema mimi ni fundi wa malori yote ya Afrika Kusini. Alisema sijawahi kumpiga mke, na hilo ni kweli, sijui alilitoa wapi. Kisha akapiga magoti, sisi wawili tukapiga magoti nyuma yake, akasema mtoto wetu amekuja kuomba tena ua aliloliomba miaka ishirini iliyopita, na kama alikosea adabu kuingia mikono mitupu, asamehewe.

Odette alitutazama mmoja mmoja tulivyopiga magoti. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. Mwisho akasema maneno ambayo mzazi anapaswa kusema, kwa maana mzazi hawezi kupokea wala kukataa kabla ya kumwuliza binti mbele ya watu wote. Aligeuka.

"Marcelline, huyu mwanaume unamjua?"

"Namjua, yaya."

"Vitu alivyoleta, tukule ao tusikule?"

Nilikuwa naangalia zulia. Lilikuwa na maua ya kijani, na nadhani nitayakumbuka nikiwa kaburini. Sikujua atasema nini. Miaka ishirini na mtu, na sikujua.

"Mukule," Marcelline alisema. Sauti yake ilikuwa wazi kabisa. "Lakini mukule mbio. Ndege iko kesho."

Mtu wa Walungu alipiga kigelegele, kazi ambayo si ya wanaume, na hakuna aliyemkataza. Odette alimvuta Marcelline kifuani, wakalia pamoja, na mimi nikaambiwa na Méthode nikae kimya, shughuli haijaisha, niwe na adabu. Kisha Odette aliosha mikono, akaukata ule mguu wa mbuzi mwenyewe, akanipa kipande cha kwanza kwa mkono wake. Akaniambia nimtunze. Nilimwambia aje Durban, aje azeekee kwetu, na sikusema kwa adabu tu. Tulikula. Marcelline alimalizia kumnyoa yule mtu upande uliobaki, kwa wembe wa marehemu mume wa Odette. Tulicheka sana usiku ule, na Odette zaidi ya wote, na ninamshukuru Mungu kwa kuwa aliweza kucheka.

Asubuhi alizitoa nguo kabatini yeye mwenyewe, akazikunja moja moja sandukuni. Uwanja wa ndege hakuja. Alisema hawezi.

Kwenye ndege, taa zimepunguzwa, Marcelline aliegemea dirisha. Roho yangu ilikuwa imetulia, mtu wa mdomo amerudi, nikaanza kujisifu: nilivyowakusanya watu, nilivyobeba kreti kwenye tramu. Nikamwambia kwa mzaha kwamba hata bila kreti angerudi tu, angeniacha na nani Durban?

Hakucheka.

"Ningebaki," alisema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Ningebaki, Achille. Nguo zilikuwa kabatini, nilikungoja useme. Yaya aliniomba siku ya kwanza. Paris nilikungoja, Cologne, kwenye mashua. Wewe ulinionyesha majengo. Yaya aliniomba nibaki, na wewe hukuniomba nirudi."

Alinishika mkono, akaufunika na kitambaa chake kwa sababu kulikuwa na baridi, akalala begani kwangu.