Damu Iliyosifiwa

Nilipokuwa mtoto kule Tseikuru, tuliamini kwamba sumu ya nyoka ina njia moja tu ya kutoka, nayo ni damu. Ikichuruzika kwa wingi, mgonjwa anapona. Hadi leo nikiikumbuka imani hiyo nasaga meno.

Dada yangu Mwende aliumwa kifundo cha mguu akifuata mbuzi. Aliyemuuma alikuwa kipiri, yule nyoka mdogo wa mchangani anayesugua magamba yakalia kama mafuta kwenye kikaango. Susu, nyanya yetu, alimchanja kwa wembe na kuweka beseni chini ya mguu. Damu ilitoka hadi kesho yake, na majirani wakaja kuisifu.

"Usifunge hapo!" Susu alimkemea mama, aliyekuwa ameshika kitambaa. "Wacha itoke. Hiyo ni sumu inaenda."

Si kwamba Susu alikuwa mjinga. Jipu likitumbuliwa, uchafu hutoka na mtu akapona. Tena nyoka wengine huuma bila kutia sumu, kwa hivyo wembe wake ulikuwa na mashahidi wengi wazima.

Baba aliporudi kutoka sokoni alikuta hata fizi za Mwende zinavuja damu. Hakubishana na mtu. Alimbeba kwa pikipiki ya jirani mpaka hospitali. Daktari alitia damu yake kidogo kwenye chupa ya kioo, akaiacha itulie, kisha akaiinamisha. Ikamwagika kama maji.

"Haigandi," alisema. "Sumu bado iko ndani, ndiyo inafanya damu isishike."

Wakamtia dawa ya nyoka kwenye mshipa. Siku iliyofuata damu iliganda, na Mwende akaomba uji.

Ungedhani tulijifunza. Wapi! Jumapili Susu alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa damu iliyomsafisha mjukuu wake. Hospitali, alisema, ilimalizia tu. Kisha mtoto wa jirani, Kyalo, akaumwa. Wazazi wake walikuwa wamemwona Mwende akitembea, basi wakaweka beseni na kungoja. Tulimzika Kyalo.

Nilimpenda Susu, na bado nina hasira naye. Lakini hasira juu ya marehemu utaipeleka wapi?

Mwezi uliopita Mwende, sasa mama wa watoto, alisimama katika kanisa hilohilo, akavua kiatu akaonyesha kovu. "Wembe haukuniponya," alisema. "Nilipona kwa dawa ya hospitali. Hata Kyalo angepona."

Mama yake Kyalo, aliyeketi mbele, aliinuka akatoka nje. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini imani ile haifi. Ukiiacha, lazima ukubali kwamba mtoto wako angeishi.