Mfalme wa Japani Chini ya Papa

Miaka ya sabini nilikuwa nafundisha ngumbaru kule Marungu. Wanafunzi wangu wote walikuwa wakubwa kuliko mimi, na wawili kati yao hawakuwa wakisemezana. Mmoja alikuwa mstaafu wa reli, mrefu, aliyevaa koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba hata jua likiwaka. Wa pili alikuwa jirani yake, mfugaji, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Babu zao walikuwa ndugu, na kila mmoja alishikilia kwamba babu yake ndiye aliyeachiwa shamba.

Wakati huo kijana mmoja Mjapani, aliyekuja kusaidia kuchimba visima, alikuwa amepanga chumba nyuma ya nyumba yetu. Jioni moja alikuja darasani akatusimulia habari za mfalme wa kwao wa zamani sana. Ukoo wa kifalme ulikuwa umegawanyika nyumba mbili, zote uzao wa baba mmoja, na wakubwa wa jeshi wakaamuru nyumba hizo zipokezane kiti. Mfalme huyu, zamu yake ilipokwisha, akakataa kabisa kuondoka. Akatoroka jumba lake amevaa nguo za kike. Akakamatwa, akatupwa kisiwani. Huko nako akatoroka, amelala ndani ya mashua chini ya samaki wakavu. Akarudi kutawala, lakini jemadari wake mwenyewe akamgeuka, akamsimika mtu wa ile nyumba nyingine. Basi akakabidhi kioo, upanga na kito, vitu ambavyo asiye navyo si mfalme, kisha akakimbilia milimani. Alipofika akatangaza, "Nilivyowapa ni bandia. Vya kweli ninavyo mimi." Nchi ikawa na wafalme wawili.

Mke wa mzee wa reli, naye mwanafunzi wangu, akasema, "Huyo si wa Japani. Huyo ni wa hapa hapa."

Tukaamua kuigiza kisa hicho kwenye mashindano ya ngumbaru mjini Voi. Mzee wa reli akawa mfalme kwa sababu ya lile koti. Mfugaji akakubali kuwa mpinzani wake, mradi kiti chake kisiwe kifupi. Taabu ilianza tulipomletea mfalme leso ya kike ya kutorokea.

"Mwalimu, mimi nimeendesha treni mpaka Kampala. Leso sivai."

"Mimi nilivaa koti lako siku ya mvua," mkewe akamwambia. "Nilikufa?"

Akavaa.

Samaki tuliazima kwa mama mmoja wa Kaloleni, mtu wa pwani, aliyeuza papa mkavu sokoni. "Mwanangu," aliniambia, "papa huyu ni wa kupikwa kwa tui, si wa kufunikia wafalme." Alituazima, lakini siku ya mashindano akaja mwenyewe uwanjani kulinda mali yake.

Mashua yetu ilikuwa mkokoteni. Mfalme akalala, tukampanga papa toka kichwani hadi miguuni. Jua la mchana likaipasha ile harufu, na mbwa wote wa sokoni wakaitikia. Mmoja akang'oa pande la miguuni akatimka nalo, mama wa Kaloleni nyuma yake, kiatu mkononi, akipiga kelele, "Mwizi! Mwizi wewe!" Miguu ya mfalme ikabaki nje, ndani ya viatu vya reli vilivyong'arishwa.

Askari wa adui akafika kupekua mashua. Maneno yake yote kwenye mchezo yalikuwa haya: "Hamna mtu humu. Ni samaki tu."

"Na hivyo viatu?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Askari akavitazama. Akanitazama mimi. "Samaki wa Japani," akasema, "huvaa."

Bwana DO, ofisa wa tarafa na mgeni wetu wa heshima, alijifuta machozi ya kicheko kwa karatasi ya hotuba yake.

Tukafika sehemu ya milimani. Mfugaji alikosa mazoezi ya mwisho kwa sababu ng'ombe wake waliugua, kwa hiyo hakujua kwamba tangazo la mfalme limo, akawa ameketi kwa raha zake, kioo mapajani, panga mkononi, shanga shingoni. Mzee wa reli akatangaza kwamba vyote vile ni bandia.

Mfugaji akaruka. "Uongo! Nimekabidhiwa mbele ya watu! Bwana DO, si umeona?"

Uwanja ukagawanyika. Wengine wakapiga kelele kwamba kioo ni kioo, wengine kwamba mzee ana haki yake. Bwana DO akamgeukia Mjapani. "Kwenu iliishaje?"

Kijana akasimama, akasema polepole kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Mfalme alifia milimani. Alishika upanga, akaelekeza uso mjini kwake. Yule mwingine alibaki na kiti."

Mzee wa reli akanisogelea. "Mwalimu, hakuna aliyeniambia kwamba nakufa."

"Hata mimi sikujua, mzee."

Tulitoka wa pili. Washindi walikuwa darasa lililoimba kuhusu mbolea.

Tukirudi ndani ya lori, tukinuka papa sote, mzee wa reli alikuwa akipangusa viatu vyake. Kisha akamuuliza kijana, "Huko milimani, alikuwa na watu wake?"

"Wachache."

"Si haba," mzee akasema.

Mfugaji alikuwa upande wa pili wa lori, ametugeuzia mgongo. "Mwalimu," akaniita, "mwambie huyo mzee kwamba chini ya wale samaki, mimi nisingeweza kutulia vile."

Nilimwambia, ingawa alikuwa amesikia.