Mgeni Mwenye Bendera ya Kenya

Mama alisema haendi hospitali mpaka amwone marehemu baba anacheka. Alisema hivyo Alhamisi asubuhi, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, na alipomaliza akaendelea kunywa kana kwamba ameomba sukari tu. Miadi ya daktari wa macho ilikuwa Jumatatu, Tororo. Jicho la kushoto lilishakwenda. La kulia lilikuwa linafuata, na daktari alitwambia waziwazi kwamba upasuaji unaweza kuliokoa na unaweza usiliokoe, ila kungoja hakutaliokoa kabisa.

"Mama, wacha mchezo," nikamwambia.

"Mimi nacheza? Kama hii jicho nakwisha kwa hospitali, baba yako nitaona lini tena? Leta hiyo video kwanza. Nikishaona yeye nacheka, wao wakate mahali wanataka."

Video yenyewe ilikuwa ya arusi yao. Ilipigwa na fundi wa studio wa Tororo, aliyekuwa na kamera ya kubeba begani enzi ambazo watu walikuwa bado wanaikimbia. Kanda tatu. Zilikaa miaka yote kwenye sanduku la binamu yangu, akahamia nazo nchi ya baridi, na mwaka huu ndipo alipopata mashine ya kuzigeuza ziwe faili ya kompyuta. Aliingiza kanda, akaenda kazini, akarudi akaingiza nyingine, bila kutazama hata dakika moja. Mwisho wa siku akajikuta na faili moja ya gigabaiti arobaini na moja. Hakujua kuikata, na hakuna simu iliyokubali kuibeba.

Basi akaamua kuitoa kwa torenti. Alitueleza kwenye kundi la ukoo kwamba faili inakatwa vipande vidogo vidogo, kila ndugu anachukua vipande anavyoweza, na aliye na kipande anampa asiye nacho, hadi kila mmoja awe na arusi nzima kwake. Wote tukajibu kwa vidole gumba. Sidhani kama kulikuwa na aliyeelewa.

Lazima niseme kitu kuhusu baba. Alikuwa na malori mawili ya mahindi, na uso wake ulifanya kazi moja tu, ya kuhesabu magunia. Tuna picha zake kumi na moja na katika zote anaonekana kama mtu anayesubiri muhuri wa viza. Mimi na ndugu zangu hatukuwahi kumsikia akicheka. Mama ndiye aliyeshikilia kwamba siku ya arusi alicheka hadi akashika mlingoti wa hema asianguke. Sisi tulimjibu "sawa, Mama," kwa sauti ile ambayo mtu humjibu mlevi anayedai aliwahi kuwa meja.

Kwa hiyo Alhamisi ile nilikuwa na asilimia tisa ya faili, na programu ikaniambia zimebaki wiki sita. Mama akauliza imefika wapi. Kwake faili ni lori.

"Iko njiani, Mama."

"Njiani wapi? Imefika Malaba?"

Mimi ni wakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda, mwaka wa kumi na tisa sasa. Naijua kazi yangu na sioni haya kusema hivyo. Nimetoa malori ya mitumba, ya saruji, ya samaki wanaoanza kunuka, na hakuna mzigo ulionishinda. Sasa niambiwe na kijisanduku cheupe kilichofungwa ukutani kwamba arusi ya mama yangu itafika baada ya wiki sita! Nilivuta kiti, nikageuza ruta, nikasoma paswadi iliyobandikwa tumboni mwake, nikaingia kwenye mipangilio.

Jamani, nilijisikia niko ofisini. Humo ndani kuna milango ya kuingilia na milango ya kutokea. Kuna orodha ya wanaoruhusiwa na orodha ya waliopigwa marufuku. Nikakuta hata kifungu kinachoruhusu vifaa vya nyumbani vijifungulie milango vyenyewe, bila kuuliza mtu. Nikakizima palepale. Katika maisha yangu sijaona mpaka wa namna hiyo.

Nikampigia binamu simu.

"Dada, fungua mlango mmoja tu," akasema. "Chagua namba, kisha uelekeze huo mlango kwa kompyuta yako. Ndugu wengi wanatumia bando la simu, kuwafikia ni kazi. Ni wao watakaokutafuta wewe. Mlango ukiwa umefungwa, wanabisha halafu wanaondoka."

Nilifanya alivyosema, na ndani ya dakika kumi kasi ikapanda hadi nikapiga kelele. Mama akauliza kama imevuka. Nikamwambia imevuka. Hapo ndipo umeme ulipokatika.

Uliporudi, kasi haikurudi nao. Ijumaa asubuhi yote niliitukana kampuni ya intaneti kimoyomoyo, na mara mbili kwa sauti. Kumbe kampuni haikuwa na kosa. Ruta ilipowaka upya iligawa namba upya, na ile namba ya kompyuta yangu ikapewa televisheni. Ndugu zangu walikuwa wanabisha hodi kwenye televisheni tangu jana, na televisheni ilikuwa inaonyesha mapishi. Niliona aibu ya kikazi. Lori likibadilisha namba na karatasi zikabaki na namba ya zamani, hata wakala wa wiki moja anajua halitoki. Nikaiwekea kompyuta namba ya kudumu, nikarudi kwenye programu nikiwa nimejaa ujuzi. Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu.

Programu ile inaonyesha orodha ya watu mnaopeana vipande. Majina hakuna, kuna namba tu, na kando ya kila namba kibendera cha nchi. Ndugu yangu wa Dubai nikamtambua kwa bendera. Wa Kampala na Mbale nikawatambua. Binamu nikamtambua. Halafu nikaona bendera ya Kenya.

Nikaketi vizuri. Ukoo wetu naujua, na upande wa Kenya hatuna mtu kwenye lile kundi. Nikatazama safu ya vinavyotoka: yule mgeni alikuwa anachukua kwangu vipande, tena kwa pupa, kimoja baada ya kingine. Arusi ya wazazi wangu inatoka nchini na mimi nimekaa natazama! Nikambonyeza, nikachagua kumpiga marufuku. Akatoweka. Baada ya robo saa akarudi na namba nyingine, bendera ileile. Nikamfukuza tena. Kazini huwa nawaona watu wa aina hii, unawarudisha getini wanarudi na kofia tofauti. Hadi adhuhuri nilishamfukuza mara nne.

Kisha nikaona bora nimalize mambo. Kuna mahali pa kuweka kikomo cha vitu vinavyotoka. Nikataka kuandika sifuri, lakini maelezo madogo chini yalisema kwamba sifuri maana yake ni bila kikomo. Nililisoma jambo hilo mara tatu. Forodhani sifuri ni sifuri. Nikaandika moja, nikasugua mikono, nikaenda kula.

Niliporudi, programu ilikuwa inasema zimebaki wiki kumi na moja. Ndugu waliokuwa wananipa vipande walikuwa wameniacha mmoja mmoja. Sikuelewa kwa nini, kwa sababu kwa upande wangu nilikuwa sijawahi kulinda mzigo vizuri kiasi kile. Usiku nikamsihi Mama twende tu hospitali, video ataitazama akirudi. Hakugombana nami. Aliniambia, "Na kama nikirudi bila jicho?" Nikaenda kulala na hofu.

Jumamosi asubuhi simu ikalia. Alikuwa shangazi, dada yake baba, anayeuza vipuri vya pikipiki Tororo mjini.

"Asalaam alaikum, Shangazi."

"Wacha hiyo salaam! Mimi niko na arusi ya kaka yangu, nabaki na kidogo tu, siku ya tatu naomba kwako. Wewe nanifukuza! Mara nne! Hata kwa matanga hawafukuzi mtu mara nne!"

"Shangazi, mimi sijakufukuza. Nimemfukuza Mkenya mmoja tu."

Nilisikia pikipiki ikipita dukani kwake.

"Huyo Mkenya ni mimi," akasema. "Laini ya intaneti ya hapa duka ni ya Kenya. Bando ya huko ni kubwa. Nani aliniletea hii laini?"

Nilimletea mimi. Nilivuka kwa mguu, nikainunua upande wa pili wa geti, nikampelekea ndani ya bahasha. Na wakati anasema hayo, mkoba wangu ulikuwa mapajani, na ndani yake simu mbili, moja ya laini ya Uganda na moja ya laini ya Kenya, kama kila mtu mzima wa mji huu. Sisi tunabadilisha nchi kwa kubadilisha simu, na mimi nilikuwa nimemhukumu mtu kwa bendera.

"Wewe na hiyo kazi yako," shangazi akaendelea. "Umeleta forodha mpaka kwa nyumba ya kaka yangu. Nachukua tu, hautoi! Nani atakupa sasa? Kwa hii mambo, mtu hatoi, na wengine wanawacha yeye. Mtu wa Dubai amesema wewe nakula pilau na hauoshi sahani."

Kumbe kwenye kundi la ukoo nilikuwa nimeshasemwa tangu Ijumaa, na sikuwa nimelifungua kwa sababu nilikuwa nalinda mpaka. Shangazi akanipa na habari mbaya zaidi. Binamu alikuwa amezima kompyuta yake na kwenda kazi ya mbali hadi Jumatano. Yeye ndiye pekee aliyekuwa na faili nzima. Shangazi alikuwa na asilimia tisini na saba, na zile tatu alizokosa, tulipolinganisha, zilikuwa kwangu. Wengine wote walikuwa na vijisehemu. Maana yake arusi nzima ilikuwepo mahali pawili tu, karibu yote dukani kwake na kile kidogo kilichobaki sebuleni kwangu, na katikati nilikuwa nimesimama mimi na muhuri wangu wa marufuku.

"Shangazi, nisamehe. Nilikosa," nikasema, na nilimaanisha.

"Fungua kwanza. Kusamehe ni baadaye."

Nikafuta marufuku zote nne. Nikaenda kwenye kile kikomo, nikafuta moja, nikaandika sifuri. Mkono ulikataa kidogo. Bendera ya Kenya ikatokea, na mara hii vitu vikaanza kwenda na kuja kwa pamoja, kwake vichache na kwangu mafuriko. Shangazi hakukata simu. Alinisomea asilimia zake kwa sauti kama mtangazaji wa mpira, na alipofika mia alipiga kigelegele hadi wateja wake wakauliza nani anaolewa. Akaapa hatafungua ile video kabla ya mwenye arusi. Ndugu wengine wakarudi mmoja mmoja. Mimi nilimaliza Jumapili baada ya swala ya adhuhuri.

Nikaunganisha kompyuta na televisheni. Mama akavaa kanga mpya, akasogeza kiti hadi magoti yakakaribia kugusa kioo. Tukatazama. Nilikuwa namtajia watu wakipita: yule bibi, yule mjomba wa Paya, wewe huyo na hina, yule fundi wa magari. Mama alikuwa akiitika. Baba alikuwepo mara nyingi, amenyooka, uso wa magunia. Kanda ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, na moyo wangu ukaanza kumhurumia mama yangu, kwa sababu hakuna aliyecheka.

Katika ya tatu watu walikuwa wanapakuliwa chakula. Fundi wa kamera, Mungu amrehemu, aliganda kwenye masufuria ya pilau. Mvuke, mwiko, mkono wa mtu. Nyuma yake mtu akasema jambo lisilosikika vizuri, na mtu mwingine akacheka. Kicheko kirefu cha kupanda, kikakwama katikati kama kimekosa pumzi, halafu kikaanza tena kwa juu zaidi. Kamera haikugeuka. Ilibaki kwenye pilau hadi kicheko kikaisha.

Nilipandwa na hasira. Geuza kamera, wewe! Gigabaiti arobaini na moja, siku nne, na mtu anatuonyesha mchele! Nikamgeukia Mama nimwombe radhi, nikakuta amefumba macho. "Baba yako huyo," akasema, akanionyesha kwa mkono nirudishe nyuma. Nikarudisha. Hakufumbua. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa haoni kitu kwenye kile kioo tangu mwanzo. Alikuwa akiitikia sauti yangu.

Nikarudisha mara ya tatu, ya nne. Kwenye ya tano, sijui ni uchovu au ni ile pilau, nikaanza kucheka mwenyewe, kanda ikiwa imeshanyamaza. Nilicheka hadi nikakwama, nikavuta pumzi, nikaanza tena.

Mama akainua kidole. "Huyo," akasema, macho bado yamefumbwa. "Ndiye huyo tena."

"Ni mimi, Mama. Nimeshaizima."

Kisha akafumbua macho, akanitafuta kwa mkono mpaka akanipata shavuni.

"Haya," akasema. "Kesho tunatoka saa ngapi?"