Ligi Si Uji

Kwa miaka kadhaa, na kichwa changu kikiwa kizima kabisa, niliamini kwamba huko Amerika timu za mpira zimeongezeka mpaka viwanja vimekwisha. Kwa sababu hiyo, niliamini, Wamarekani huchezesha mechi mbili katika kiwanja kimoja kwa wakati mmoja, hawa wakishambulia kuelekea mashariki na wale kuelekea kusini, na ndiyo maana wachezaji wao huvaa kofia ngumu na kujaza magodoro mabegani: wasije wakauawa na watu wa mechi nyingine. Sikuliamini jambo hilo nusunusu. Nililiamini kama ninavyoamini kuwa mvua inatoka juu. Nililisema hata darasani, kwenye shule ya usiku niliyosoma pale Shanwe, na mwalimu, ambaye mchana kutwa alikuwa amefundisha watoto na sasa anatufundisha baba zao, akaitikia kwa kichwa na kuendelea kuandika ubaoni. Kuanzia siku ile nikahesabu kuwa jambo limeshapita kwenye elimu.

Chanzo chake kilikuwa kinyozi wetu. Pembeni ya kioo chake alibandika ukurasa wa gazeti la kigeni, wa rangi, uliofika Mpanda ukiwa umefungia vipuri vya baiskeli. Pichani kulikuwa na lundo la wanaume wamelaliana kama magunia ya mpunga yaliyoanguka kwenye lori, na pembeni kabisa mmoja ameshika kitu kilichochongoka ncha mbili kama papai bichi. Huo ndio mpira.

"Tazama," kinyozi aliniambia, mkasi ukiwa sikioni mwangu. "Mwenye mpira yuko huku. Na hawa wamebwagana kule. Mtu hana mpira, unamwangusha wa nini, kama si mtu wa mechi nyingine aliyekupitia njiani?"

Hata leo, ukiiweka picha ile mbele yangu, hoja ya kinyozi naiona ina miguu.

Kinyozi huyo ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ligi yetu, na mimi nilikuwa katibu, kwa kuwa nilikuwa na cheti cha shule ya usiku chenye muhuri mkubwa kama sahani. Ligi ilianza na timu nne: sisi wa Shanwe, watu wa reli, vijana wa misheni, na kijiji jirani cha Kasokola. Basi. Kila timu ilikutana na mwenzake mara mbili kati ya mavuno na mvua, halafu mpira ukawekwa juu ya kabati mpaka mwaka mwingine.

Siku ya Shanwe na Kasokola mji mzima ulihamia kiwanjani. Vumbi lilipanda mpaka kuku wakaenda kulala saa tisa mchana. Beki wa kati wa Kasokola, ambaye ndiye alikuwa nahodha wao, alikuwa kaka wa mke wangu, mtu mwenye mapaja manene na maneno machache. Upande wetu hatukuwa na mchezaji wa kumfikia, lakini tulikuwa na mama mmoja muuza vitumbua. Mama huyo alileta kigoda chake, akakaa karibu na kona, na mpira ulipoanza naye akaanza.

"Wee beki! Hiyo miguu ni yako au umeazima michi ya mama yako?"

"Michi, mama!" shemeji alimjibu huku anakimbia. "Leo tunatwanga Shanwe!"

"Katwange kwanza mahindi kwako! Mkeo kaja kuazima unga kwangu, bakuli hajarudisha!"

Kiwanja kizima kililia kwa kicheko, na hata refa, ambaye nilikuwa mimi, nilisahau kupuliza filimbi. Sisi na wao tulikuwa watani. Tulikuwa tumeoana, tumezikana, tumenyang'anyana maiti kwa mzaha makaburini kama watani wanavyofanya. Mpira wenyewe, nitasema ukweli wangu, ulikuwa mbovu. Watu walikuja kusikia leo nani atasemwa nini.

Kisha watu wa maporini wakahamishiwa vijiji vipya, na kila kijiji kipya kilipopata ofisi na kisima, kikataka timu. Wakaanza kubisha hodi. Wa kwanza waliletwa na mjomba wa mke wangu. Utamnyima mjomba wa mke? Jioni utakula wapi? Wa pili waliletwa na mkwe wa kinyozi. Wa tatu walikuja na jogoo. Kila timu iliyokuja ilikuwa na mkwe wa mtu ndani yake, na mkwe hakatazwi. Kinyozi alikuwa na furaha isiyo kifani.

"Amerika walianza hivihivi," alisema, akionyesha picha yake kwa kitana.

Siku moja shemeji alikuja kutoka Kasokola kwa baiskeli, akakaa barazani kwangu, akanywa maji, akafuta mdomo.

"Shemeji, ligi si uji."

"Una maana gani?"

"Uji, mgeni akija unaongeza maji, kila mtu anakunywa. Ligi ukiiongeza maji, hata yule aliyekuwa anashiba anaondoka na njaa."

Nikacheka. "Huo woga, shemeji. Nyie Kasokola mnaogopa kufungwa na watoto wa vijijini."

"Mimi naogopa kuchoka," akasema. Akapanda baiskeli yake akaondoka.

Nilicheka hata alipokwisha kufika njiapanda. Sijui nilikuwa nacheka nini, maana mchovu mkubwa kuliko wote nilikuja kuwa mimi. Timu zilikuwa nyingi kama kumbikumbi, na kiwanja chenye magoli ya kueleweka kilikuwa kimoja, chetu. Tukacheza Jumapili, haikutosha. Tukacheza na Jumamosi, haikutosha. Tukacheza Jumatano, siku ambayo hata mbwa wana shughuli zao. Mimi ndiye refa, mimi ndiye wa kuchora mistari kwa majivu, mimi ndiye wa kuwatafutia wageni pa kulala. Nilipuliza filimbi mpaka mashavu yakalegea kama mfuko mtupu. Usingizini mke wangu alinisikia nikitoa penati.

Halafu wakaja Kapalamsenga. Hao walitoka ziwani kabisa, juu ya lori la samaki, wamekalia mizigo ya migebuka mikavu, barabara ikiwatupa juu na chini tangu jana yake. Waliposhuka hawakuweza kunyoosha magoti. Golikipa wao alisinzia amesimama, ameegemea mti wa goli, na sisi kwa huruma tulipiga nje. Mama wa vitumbua alimtazama muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga.

"Mbona kimya leo, mama?" nilimuuliza wakati wa mapumziko.

"Nimwambie nini, mwanangu? Simjui mtu yule. Sijui mama yake nani, sijui anadaiwa nini. Nikimtukana itakuwa tusi kweli."

Nilipaswa kukaa chini pale pale nikalitafakari neno lile. Sikukaa. Nilikuwa na mechi nyingine saa kumi na moja.

Watu wakaanza kupungua. Kwanza wazee, kisha akina mama, kisha hata watoto, ambao kwa kawaida hukodolea macho chochote kinachotembea. Hata siku ya Kasokola haikuwa siku tena; ilikuwa katikati ya mechi nyingine kama jiwe kwenye mchele. Mtu ukimwambia njoo kiwanjani, anakwambia: kwani kesho hamchezi?

Wakati huo jembe lilikuwa ndio wimbo wa nchi nzima. Njaa ilikuwa imepita karibu, na kila ardhi iliyokaa bure ilitakiwa ilimwe. Mwenyekiti wa tawi la chama, mtu mkavu asiyependa maneno mengi, alikuja mwezi wa kumi kwenye joto lile la Mpanda linalopikia mtu ubongo, akasimama katikati ya kiwanja chetu, akapiga udongo kwa kisigino.

"Ndugu katibu, ardhi hii nzuri."

"Ni kiwanja, mzee mwenyekiti."

"Kiwanja ni cha watu. Watu wako wapi?"

Nikatazama. Kulikuwa na mbuzi wawili na mtu aliyekuwa anakata njia kwenda kwake.

"Jumapili nitapita baada ya misa," akasema. "Nikikuta watu, mtabaki na kiwanja. Nikikuta majani, mvua ya kwanza tunapanda mahindi."

Nilikwenda moja kwa moja kwa kinyozi. Kiwanja kile kilikuwa kila kitu. Bila kiwanja, mimi nilikuwa mtu mwenye cheti na filimbi tu. Tukakaa chini ya picha yake tukafikiri, na ilipofika jioni jibu likawa limekaa ukutani linatutazama. Watu wa mechi moja hawajazi kiwanja. Lakini watu wa mechi mbili, wakija kwa saa moja, kiwanja kimoja? Na mechi zilizorundikana nazo zingepungua nusu!

"Kama Amerika," kinyozi akanong'ona. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, naapa.

Tukapanga Shanwe na Kasokola wacheze kwa urefu, ili utani ulete watu. Na watu wa reli na Kapalamsenga wacheze kwa upana, kwenye magoli ya miti tuliyokata siku hiyohiyo. Shemeji alipofika na kuona magoli manne, alisimama na mfuko wake begani.

"Shemeji, hii nini?"

"Ndivyo wanavyocheza Amerika."

"Na wewe unataka tufe kama Amerika?"

"Nataka tusilimwe, shemeji. Cheza leo tu."

Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia ng'ombe aliyezama kwenye tope. Akafunga kamba za viatu.

Watu walikuja. Hilo lazima niliseme: habari ya magoli manne ilikuwa imezunguka mji, na misa ilipotoka walikuja kama enzi zile, wazee na fimbo zao, akina mama na kanga mpya, na mama wa vitumbua na kigoda chake kwenye kona. Nikadhani tumepona. Mimi nilichezesha kwa urefu, kinyozi kwa upana na filimbi aliyoazima kwa gadi wa treni. Nilipopuliza mimi, wote wakasimama. Alipopuliza yeye, wote wakasimama, na watu wa reli wakageuka kutazama stesheni. Mipira ikapishana. Fowadi wetu akamchenga mtu wa Kapalamsenga ambaye hakuwa na ugomvi naye, akafunga goli zuri kuliko yote niliyowahi kuona, la mechi isiyo yake. Kona yao ikatua kwenye penati yetu. Shemeji akaruka kupiga kichwa, akakutana hewani na golikipa wa reli, na mgongano wao ulisikika kama gogo limeanguka katika msitu wa Mlele.

Mwanzoni watu walicheka. Wakacheka sana. Kisha kicheko kikaanza kuwa kidogo, kama moto usioongezewa kuni. Nilimtazama mama wa vitumbua. Alisimama, akapaza sauti, "Wee be—" akasita. Shemeji alikuwa amekaa chini ameshika kichwa, wa Kapalamsenga wanampepea, wa Shanwe wanashangilia goli la watu wengine. Mama akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Hata sijui nani kafungwa," akasema. Akainamisha kichwa, akakiokota kigoda chake, akaenda nyumbani.

Nyuma yake wakaanza wengine. Hakuna aliyekasirika, hilo ndilo lililonivunja nguvu. Waliondoka polepole, kama watu wanaotoka msibani kwa mtu wasiyemjua. Mwenyekiti wa tawi alipofika, walibaki wachezaji tu, wamelala chini kwa jua na uchovu, na mipira miwili imekaa peke yake. Alitembea kutoka goli mpaka goli kwa hatua ndefu, na mimi nikajua anapima matuta.

Mvua ya kwanza ilipokuja tukalima. Mimi nilipewa sehemu ya katikati, pale tulipokuwa tunaanzia mpira, na shemeji, ambaye uvimbe wa kichwa ulikuwa umeshashuka, alikuja kutoka kwao kunisaidia bila kuitwa. Udongo ulikuwa mgumu kama saruji. Miaka yote ile ya miguu ilikuwa imeushindilia, na kila jembe liliporuka nilihisi linaruka mgongoni kwangu.

Bwana nyuki akapita na pikipiki yake. Ni ofisa aliyekuwa akiwafundisha watu mizinga ya kisasa, na kabla ya kuletwa kwetu serikali ilikuwa imempeleka Amerika kusomea nyuki. Alisimama kutusalimia, akauliza kiwanja kimefanya nini. Nilikuwa nimechoka mno kuficha. Nikamweleza yote, picha, timu, magoli manne, nikamalizia na swali moja:

"Hebu niambie, ndugu. Wenzetu wanawezaje? Sisi tulikosea wapi?"

Shemeji akaegemea jembe lake asikie. Bwana nyuki hakucheka. Alizima pikipiki.

"Ndugu katibu, mimi nimekwenda kuutazama mchezo ule. Hiyo ni mechi moja. Timu mbili, mpira mmoja. Wanaangushana wasio na mpira kwa sababu sheria yao inaruhusu, na kofia ni za kuwakinga wasiumie. Na timu zao kubwa ni chache, nchi yote ile. Miji mingi haina. Wanacheza miezi michache tu, wanaacha. Wakitaka kuongeza timu, wanabishana kama nyie, na wapo wanaosema zikizidi watu watachoka."

"Ligi si uji," shemeji akasema, akainua jembe lake, akaendelea kulima.