Betri Iliyochomolewa Alasiri

Harufu ya tindikali ya betri, kali, ya kukereketa koo, hadi leo hainiachi nikatulia. Hunirudisha Kabambare, barazani kwa Mzee Amisi jirani na msikiti, ambako jenereta ilitetemesha vikombe vya chai mchana kutwa. Kipimo cha chaji hatukuwa nacho. Tulipima kwa sala: betri ya gari huwekwa kabla ya adhuhuri, huchukuliwa waumini wakitoka alasiri. Hata sisi Wakristo tulihesabu hivyo.

Msimu ule wa mvua mama alishikwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto hashuki. Mkunga akasema wazi: asipofikishwa hospitali ya Kasongo, atatufia mikononi. Pikapu ya baba ilikuwepo uani, betri imekufa, matope hayaruhusu kuisukuma. Betri ikapelekwa kwa Mzee Amisi. Mimi sikai, sisimami. Nilimganda baba tuondoke, tuondoke! "Haraka haraka haina baraka," akanikemea. "Ikizimika njiani, nani ataiamsha?" Mvua ikamwagika, jua halionekani. Mwishowe akanituma msikitini. Nilimkuta Mzee Amisi mlangoni akitafuta viatu vyake. "Mzee, mumeisha kusali alasiri?" "Tumeisha, mwanangu." Nilikimbia hadi kandambili zikabaki matopeni, na baba akaenda kuichomoa betri mwenyewe.

Gari liliwaka kwa kukohoa. Baba akaapa halitazimwa mpaka Kasongo. Kwenye daraja la magogo alishuka kupanga mbao, nami nikakanyaga mafuta kwa miguu yote miwili, mama akigumia nyuma. Niliyatukana magogo yale moja moja. Tulipovuka, tukaingia kijiji ambacho mvua haikukigusa, na hapo tukasikia adhana. Baba akatoa macho. "Alasiri gani tena hii?" Ndipo tukaelewa. Mvua ikizidi, jirani zetu Waislamu huruhusiwa kuunganisha sala mbili, na siku ile walisali alasiri papo hapo baada ya adhuhuri. Mzee Amisi hakudanganya. Sisi ndio tuliobeba betri isiyofika hata nusu, na baba hakuthubutu kuinua mguu kwenye mafuta.

Kasongo tulifika giza likiingia. Muuguzi aliyempokea mama alituambia baadaye, "Mungekawia kidogo tu, tungewapoteza wote wawili." Baba aliketi sakafuni akalia mbele za watu. Methali ile sikuisikia tena kinywani mwake.

Mtoto yule sasa anaendesha pikipiki ya abiria hapa Kasongo tulikohamia, na simu yangu hunitajia yenyewe dakika zilizobaki ijae. Juzi tuliitwa kwa shangazi, hali yake mbaya. Nikasema tungoje kidogo, simu ipate chaji. Mama, mzee sasa, alikuwa mlangoni tayari, kitenge kimefungwa.

"Chomoa, mwanangu," akasema. "Ya kutufikisha iko."