Dakika Tano za Mama Mkwe

Miaka ile biashara ilipofanywa huria, walanguzi wakaanza kuitwa wafanyabiashara, kamati ya wabunge ilikuja Ihanja kuwasikiliza wakulima wa alizeti. Mimi nilikuwa karani wa wilaya, na ndimi niliyependekeza kila shahidi apewe dakika tano. Nikakabidhiwa saa na kengele.

Shahidi wa tatu alikuwa mama mkwe wangu. Alisimama akaanza kumsalimu mjumbe mmoja mmoja, akiulizia watoto na mifugo. Dakika tano zikaisha hajaitaja alizeti. Mwenyekiti akanitazama. Nikaigonga kengele polepole.

Mama akanigeukia. “Baba, unanifukuza?”

“Hapana, mama. Muda tu umekwisha.”

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye, akijifuta machozi, akatangaza kwamba kuanzia hapo salamu hazihesabiwi. Mama akashukuru, akaeleza kwa dakika mbili tu jinsi wanunuzi wapya walivyokuja na mizani yao wenyewe, isiyofanana na ya mtu yeyote, kisha akakaa.

Waliomfuata wote walisalimu kwa kirefu. Tulifunga kikao jioni, na nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari.